Shamba, hoteli, nyumba yenye ua au ng'ambo: mbwa mpenda mchezo apelekwe wapi?

Umemuokota. Upele umekauka, kupe wametoka, mbavu hazihesabiki tena, na sasa kila ukirudi unamkuta mlangoni na kandambili moja mdomoni. Moja tu, ya pili keshaificha anapopajua mwenyewe. Kubaki naye huwezi: nyumba ni ya kupanga, au wazee hawataki, au unao wengine tayari. Kwa hapa Unguja na Pemba, ukiuliza huku na huku utajibiwa moja kati ya mambo manne: kuna shamba linataka mlinzi, kuna hoteli pwani inataka mbwa, kuna mtu ana nyumba yenye ua, au kuna mgeni alimpenda akiwa likizo na anataka kumchukua kwao.

Mbwa ninayemzungumzia hapa ni wa kienyeji, wa umri wa mwaka mmoja hivi, mzima wa afya, asiye na ukali. Kasoro yake ni furaha. Anarukia watu, anaramba mikono, anakimbiza chochote kinachokimbia. Mbwa mkali au mwoga ana hesabu nyingine.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni nani atakuwepo mwaka mzima. Wengi huuliza "mnapenda mbwa?" na wakijibiwa ndiyo, wanamkabidhi. Swali langu mimi ni nani atamlisha mwezi wa nne mvua za masika zikimwagika, na nani atamlisha bosi akisafiri. Ukipewa jina la mtu, mazungumzo yanaendelea. Ukijibiwa "tupo wengi hapa", jua hayupo.

Cha pili, mchezo wake utaangukia kwa nani. Mbwa kijana hawezi kuzimwa. Atacheza tu, na asipopewa cha kuchezea atajitafutia: viatu, vifaranga, mpira wa watoto wa jirani.

Cha tatu, majirani, na hiki nakiweka mbele ya ukubwa wa ua. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichorambwa kinaoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu aliyekwisha tia udhu na kuvaa kanzu yake, akirambwa njiani kwenda msikitini, hajafanyiwa mzaha. Ameongezewa kazi na pengine amekoseshwa sala ya jamaa. Haina maana kwamba anamchukia mnyama. Hadithi ya yule aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake, inajulikana na kila aliyepita chuo cha Qur'ani, na mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwindia ana ruhusa yake katika dini. Ugomvi huanza mbwa anapoachwa amfuate asiyemtaka. Kwa mbwa mpole anayependa watu, hili ni jambo la kila siku.

Cha nne ni tiba na gharama: chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chakula. Ujue pia ni nani atakayempeleka kwa daktari wa mifugo, kwani kuwa na hela ni jambo moja na kuwa na gari la kubebea mbwa ni jingine.

Kabla ya kumkabidhi popote, mchanje. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu. Mhasi pia, na kama ni jike afungwe kizazi. Umri wa miezi sita hivi unatosha. Ukiliacha hilo kwa mwenyewe mpya, baada ya mwaka utapigiwa simu ya watoto sita. Usimvushe kisiwa bila chanjo na bila kibali cha mifugo: Pemba iliwahi kuukata ugonjwa wa kichaa kufikia 2014 kwa kampeni za chanjo, ukaingia tena 2016 kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi ianze upya. Ugonjwa huu dalili zikishatoka kwa mtu karibu hakuna anayepona, kwa hiyo sheha, yaani kiongozi wa mtaa, au jirani akiuliza cheti cha chanjo usimuone mkorofi.

Shamba

Nani yupo mwaka mzima: Hapa shamba linashinda mengi. Mwenyewe au mlinzi wake yupo masika na kiangazi, na mbwa ana kazi inayoeleweka na kila mtu, hata na imamu. Muulize tu kama anayelala shambani ni yule unayezungumza naye, maana mara nyingi mwenye shamba anakaa mjini na huja mwisho wa wiki.

Mchezo wake: Nafasi ipo, tena tele, lakini nafasi hiyo ina kuku. Mbwa anayekimbiza kifaranga kwa mchezo anakiua vilevile kama aliyekusudia, na akishaonja raha ya kile kimuhemuhe kumwachisha ni kazi. Mpeleke kwanza nyumba yenye kuku, akiwa kwenye kamba, umtazame. Akiwatazama kisha akageuza kichwa, kuna matumaini. Akiganda, masikio mbele, mkia umesimama, usimpeleke kwenye kuku wanaozurura. Kwa Pemba ongeza msimu wa karafuu. Ua mzima umetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa nyembamba zipate jua, watoto wanapitapita, wachumaji wageni wanaingia na kutoka. Mbwa mchezaji akiona jamvi lenye harufu kama ile anajibwaga chali na kujigaragaza. Karafuu chafu hushuka daraja zikifika kituo cha kununulia, na hapo utu wa mwenye shamba utajaribiwa. Wiki zile lazima awe na mahali pa kufungiwa mchana, na hilo liulizwe mapema.

Wenye mashamba wana swali lao: "Huyu anabweka lakini?" Anabweka. Mwizi akimfikia atamramba, hilo kweli, ila usiku mwizi hasubiri kujua kama mbwa ni mpole. Swali la pili ni kama akihasiwa ataendelea kulinda. Ataendelea, kinachopungua ni kuzurura akitafuta majike.

Walio jirani: Wachache na wako mbali. Tahadhari moja: mashamba ya pembezoni mwa msitu wa Jozani, upande wa Pete na vijiji vinavyopakana na hifadhi, yana kima punju, na msituni mna paa nunga. Wote wawili ni wanyama walio hatarini, na mbwa asiyefungwa ni adui wao. Huko mbwa wa kukimbizakimbiza asipelekwe, hata mwenye shamba awe mtu mzuri namna gani.

Tiba na gharama: Chakula ni mabaki ya ugali na wali, dagaa, vichwa vya samaki. Kinatosha kikiwa kingi na cha kila siku. Chanjo ndiyo husahaulika. Lifunge jambo hilo kwa kumuunganisha mwenye shamba na afisa mifugo wa wilaya kwa simu, wote wawili ukiwepo.

Anamfaa: Mbwa anayependa kuwa nje, asiyelilia kukaa karibu na mtu kutwa. Kitu kimoja kinaniondoa shambani mara moja: mnyororo mfupi mtini, umechimba duara kwenye udongo. Duara lile linakueleza yule aliyetangulia aliishije. Kufungwa mchana na kuachiwa usiku ndani ya uzio kunavumilika. Kufungwa moja kwa moja kunaweza kumgeuza mbwa mchezaji kuwa mkali, na hapo ataweza kuuma.

Hoteli au nyumba ya wageni pwani

Nani yupo mwaka mzima: Hili ndilo tatizo lake kubwa. Ukienda Paje, Jambiani au Nungwi mwezi wa nane, mbwa ana mashabiki ishirini. Mwezi wa nne na wa tano hoteli nyingi hufunga au hubakisha walinzi wawili, na mgeni aliyekuwa akimtupia kipande cha kuku amesharudi kwao. Meneja wa leo si wa mwakani. Kwa hiyo usizungumze na meneja peke yake: zungumza na mwenye hoteli, kisha umtafute mfanyakazi mmoja, mpishi au mlinzi wa usiku, ambaye ni mtu wa kijiji kile kile na atakuwepo hoteli ikifunga. Kama mfanyakazi huyo yupo na anamtaka mbwa, pwani inaweza kuwa bora kuliko nyumba nyingi. Kama hayupo, huko umempa mbwa kazi ya msimu.

Mchezo wake: Mchanga, mawimbi, kaa wa kukimbiza, mbwa wenzake, na watu waliokuja mahsusi kustarehe. Kwa mbwa wa aina hii ni raha tupu. Ila Paje kuna wanaoteleza baharini kwa vishada, na kishada kinachotua mchangani kinamwita mbwa. Kwenye fukwe wanakotaga kasa, mbwa hufukua mayai. Hoteli iliyo karibu na viota inapaswa kumfungia usiku, na kama haiko tayari kwa hilo mimi nisingempeleka.

Walio jirani: Watu husahau kwamba ufukwe una wenyewe. Maji yakitoka kina mama wanateremka kwenye mashamba yao ya mwani, wanarudi na mizigo kichwani, mikono yote imeshika. Mbwa anayewarukia "kwa kuwasalimia" anawaangusha. Mgeni kwenye kitanda cha jua anacheka, mama hacheki. Hoteli yenye uhusiano mzuri na kijiji itakuwa na mtu wa kumwita mbwa arudi. Uliza kijijini, usiulize mapokezi.

Tiba na gharama: Hapa pwani inaongoza. Hela za dawa hupatikana, wageni huchangia, na mwenye hoteli hataki kuonekana na mbwa mwenye upele mbele ya wateja wake. Bahati mbaya chakula kinakuwa chipsi na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika ncha kali na kumtoboa matumbo. Hilo liwekwe kwenye kibao kidogo, wageni wengi wanaelewa wakielezwa.

Anamfaa: Mbwa anayependa kila mtu, anayepatana na mbwa wenzake, na asiyejali watu kubadilika. Aliyejishikamanisha na mtu mmoja atateseka.

Nyumba yenye ua

Hapa namaanisha nyumba za Mbweni, Fuoni, Bububu na kwingineko ambako kuna ukuta na geti. Gorofa za Michenzani na vyumba vya Mji Mkongwe naviacha; kwa mbwa wa aina hii ni kifungo, na ngazi ni za watu wote.

Nani yupo mwaka mzima: Inategemea mkaazi. Familia ya hapa hapa iliyojenga, yenye banda uani na inayomtaka kwa ulinzi, haiendi popote. Ukiipata yenye moyo wa kumtunza, usiiache kwa sababu tu mbwa hatalala kochini. Mtu wa mradi au mwalimu wa kigeni atampa malezi ya hali ya juu, atamlaza kitandani mwake, atampiga picha mia, kisha mkataba wa kazi utaisha. Hilo si kosa lake. Muulize mapema: ukiondoka, utaondoka naye au utamwacha kwa nani? Akijibu "nitamtafutia mtu", basi wewe na yeye mko palepale, isipokuwa mbwa atakuwa amezeeka kidogo. Halafu kuna mwenye nyumba. Ridhaa yake iwe ya maandishi.

Mchezo wake: Ua peke yake haumchezeshi mbwa. Anahitaji mtu wa kumtoa asubuhi na jioni na kucheza naye, la sivyo atachimba mashimo na kutafuna mabomba. Dafu tupu linamshughulisha muda mrefu na halina gharama, ila mwondolee akianza kumeza nyuzi za kumbi. Hapa pia ndipo penye nafasi nzuri ya kumfundisha kuketi kabla ya kusalimia, kwa sababu kuna mtu mmoja anayerudia jambo lile lile kila siku.

Walio jirani: Anza na aliye ndani. Dada anayesaidia kazi ndiye atakayeshinda na mbwa huyo kwa muda wa saa nane wenye nyumba wakiwa kazini, na nadra mtu kumuuliza. Muulize wewe, kando, bila tajiri wake kusikiliza: "Dada yangu, mbwa huyu akikurukia utakuwa na hali gani?" Akisema hataki kumgusa, mpango bado unawezekana kama mbwa ana sehemu yake yenye kizuizi na mtu mwingine wa kumlisha. Akisema anaogopa, tafuta nyumba nyingine. Baada ya hapo simama getini jioni watoto wanapotoka chuoni. Ukiona kundi la wasichana wa mtandio mweupe wanapita hatua mbili kutoka ukutani, fikiria alama moja ya kiganja chenye tope kwenye nguo ile. Geti liwe linajifunga lenyewe, na matembezi yapishane na nyakati za sala.

Tiba na gharama: Kwa kawaida ni nzuri, waganga wa mifugo wengi wako mjini, na mtu mmoja anajua tarehe ya chanjo.

Anamfaa: Mbwa anayetaka mtu wake, hasa aliyewahi kupigwa na akarudi kuamini. Na mbwa mwenye ugonjwa wa kuangaliwa kwa muda mrefu.

Ng'ambo

Nani yupo mwaka mzima: Mara nyingi mtu mwenye nia ya kweli, aliyekwishatoa hela na kusubiri miezi. Wasiokuwa na nia huchoka na makaratasi njiani.

Mchezo wake: Atapata bustani, mipira, na watu wanaoona kurukiwa ni jambo la kucheka. Atapata pia kamba shingoni kila atokapo, lifti, treni, na baridi. Mbwa aliyekulia mchangani akiwa huru huweza kukaa wiki kadhaa akiogopa mlango wa gari. Wengi huzoea, na kadiri alivyo mdogo na mchangamfu ndivyo anavyozoea upesi.

Walio jirani: Mgogoro wa najisi unapungua, unakuja mwingine: kelele. Mbwa wa kubweka katika nyumba za ghorofa huletewa barua.

Tiba na gharama: Hapa ndipo penye kazi. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, mbwa anayetoka Tanzania huwekwa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ndipo achanjwe kichaa, na asiwe chini ya wiki 12. Baada ya siku 30 au zaidi anatolewa damu, inapelekwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kinga inatakiwa isipungue 0.5 IU/ml. Kisha inasubiriwa miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu. Weka miezi minne hadi mitano, ukiwa na bahati. Chanjo ikitangulia chipu, haihesabiwi, unaanza upya. Uingereza hufuata utaratibu unaofanana na huo, ikiongeza dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Na mbwa anayekwenda kukabidhiwa kwa mwenyewe mpya huweza kuhesabiwa kuwa ni wa biashara na kuwekewa masharti ya ziada, kwa hiyo mwenye kumpokea aulize mamlaka za kwao kwanza. Muda wote huo mbwa anakaa kwa nani? Kwako. Hakikisha gharama za kumlea zimo kwenye mapatano, pamoja na nauli na tundu la safari.

Anamfaa: Mbwa ambaye hapa hana mahali salama, au ambaye mtu aliyempenda alishakaa naye kwa wiki na kumjua tabia. Picha ya simu haitoshi. Kwingine kote akishindikana unapanda daladala kwenda kumchukua, huku huwezi.

Je, arudishwe alikotolewa?

Wapo wanaochanja, kuhasi, kisha kumrudisha mbwa mtaani kwake. Kwa mbwa aliyezoea mtaa na anayejiweka mbali na watu, ni njia yenye maana. Huyu wetu anamkimbilia kila mtu, akiwemo anayeinama kuokota jiwe, kwa hiyo nisingemfanyia.

Kwa hali yako

Kama una wiki chache tu za kumweka, ng'ambo iondoe. Tafuta shamba au nyumba, na mwenye kumchukua akubali majaribio ya mwezi mmoja.

Kama anakimbiza kuku na huna muda wa kumfundisha, shamba liondoke kwenye orodha. Pwani au ua vinabaki.

Kama ni hoteli pekee iliyojitokeza, mpeleke msimu ukianza kupungua, si ukipanda. Utaona kwa macho yako nani anamlisha wageni wakiwa hawapo.

Kama wanaomtaka ni wawili, mmoja mwenye ua mkubwa na mwingine mwenye ua mdogo ila majirani wameshaulizwa na kukubali, mimi humpa wa pili. Mwingine angesema vinginevyo kwa mbwa mwenye kasi sana, na sitabishana naye.

Kama anayemtaka ni Mzanzibari anayesema atakaa bandani na hataingia ndani, usimkate kwa hilo. Kalione banda: kivuli, sakafu isiyotuama maji, chombo cha maji kizito kisichopinduka, na umbali wa kutosha kutoka njia ya watu.

Kama mtaa una minong'ono, nenda kwa sheha kabla mbwa hajafika, ukiwa na cheti cha chanjo mkononi. Ukienda baada ya malalamiko utakuwa umekwenda kujitetea.

Na kama hakuna hata mmoja anayetoshea, endelea kukaa naye na useme wazi kwamba bado unatafuta. Kila atakayemchukua asaini karatasi yenye mambo matatu: chanjo kila mwaka, hapewi mtu mwingine bila wewe kujua, na akishindikana anarudishwa kwako, mchana au usiku, bila maswali. Namba yako ya simu iandikwe pia kwenye ukanda wake wa shingo, kwa wino usiofutika na maji ya chumvi.